Ni Betri Tu

Zuhura mwanangu,

Zamani, kabla ya simu hizi, barua zote zilianza namna moja. Mwandishi alisema yeye ni mzima, ila hofu na mashaka ni juu yako wewe uliye mbali. Shuleni tulifundishwa kuandika hivyo, na tuliandika bila kufikiri, hata kama unamwandikia shangazi wa mtaa wa pili umwombe ungo. Hofu yenyewe haikuwepo. Yalikuwa maneno ya kufungulia mlango tu. Leo nimetaka kuanza vilevile nikashindwa, kwa sababu wewe hujaenda mbali, upo chumba cha pili nakusikia unavyogombana na zipu ya begi, na hofu safari hii ipo kweli. Naogopa, Zuhura. Naogopa mpaka mwandiko unakwenda kombo, utaona mwenyewe.

Sitakuandikia habari za sabuni na blanketi. Shangazi yako Mwajuma ameshazimaliza zote tangu asubuhi, na mbu wa Morogoro amewaeleza utadhani Singida mbu hawajafika. Mimi nakuandikia habari ya koili. Najua utacheka. Utasema mama naye, nimesoma chuo cha ufundi, nina cheti, nakwenda kuanza kazi kwenye karakana ya transfoma, halafu yeye ananiandikia habari ya koili. Cheka, lakini soma mpaka mwisho.

Juzi yule msimamizi wenu alinipigia simu. Mzee mwenye sauti ya upole, anaongea taratibu, akanisalimia vizuri, akauliza habari za mvua na alizeti. Mwisho akaniambia, "Usiwe na wasiwasi, mama. Huku sisi tutakuwa kama wazazi wake." Nikamshukuru sana. Nikakata simu nikakaa kwenye lile benchi la nje. Wewe ulikuja ukaniuliza kama nimeambiwa jambo baya, nikakujibu kwamba nimeambiwa jambo zuri. Ndivyo ilivyokuwa. Hilo neno zuri ndilo lililonitisha, na nitakueleza kwa nini.

Kwanza nikukumbushe ulikotoka, maana wewe unadhani mama yako alizaliwa na koleo mkononi. Mimi nilikuwa msusi wa nywele. Kibanda changu kilikuwa kimeegemeana na karakana ya baba yako pale karibu na soko, yeye anasuka mota, yaani anazungusha upya waya wa koili zilizoungua, mimi nasuka vichwa. Asubuhi akifungua mlango ananitania, "Msusi mwenzangu, umeamkaje?" Namjibu, "Wa kwako halalamiki ukimvuta." Ndivyo tulivyoanza mpaka tukaoana, na watu wa nyumbani kwetu wakanung'unika kidogo kwamba binti wa mwenye duka la vitenge anaolewa na kijana wa Sepuka mwenye mikono ya grisi. Hawakunung'unika muda mrefu, kwa sababu alikuwa na adabu. Kila mtu alisema hivyo. Baba yako alikuwa na adabu mpaka inakera.

Kuingia kwangu kwenye mota kulianza kwa utani. Siku moja wateja hamna, nikamwona anavyohangaika kuhesabu mizunguko ya waya, anasahau, anaanza upya. Nikamwambia lete hapa. Vidole vyangu vilikuwa vimezoea kugawa nywele nyembamba huku mdomo unapiga umbea, na havikukosea. Tangu siku hiyo waya mwembamba ukawa wangu. Mafundi wenzake walimcheka kwamba anamfanyisha mkewe kazi ya kiume. Yeye alikuwa anawaambia, "Huyu anasuka, na hii kazi ni ya kusuka. Nyie ndio mmepotea njia."

Lakini nilikosea kitu kimoja, na nilikikosea kwa sababu ya neno hilohilo. Nilidhani kusuka ni kusuka. Nywele ukizisuka zinatulia. Ukichoka nazo unazifumua, hakuna anayeumia. Nikadhani waya nao ukishausuka ni kitu kimelala pale, hakina neno na mtu mpaka umeme uje, na umeme ukikatwa kimelala tena. Baba yako alinieleza sikuelewa. Akanieleza tena nikamwambia ameshanieleza. Mwisho akanipa nyaya mbili za koili ndogo ya pampu nishike kwa vidole, ncha zake akazigusisha kwenye betri ya pikipiki. Nikamwambia mbona hakuna kitu. Akasema subiri. Akaachia.

Nilirusha mikono nikapiga kelele mpaka mteja wangu aliyekuwa na nusu ya kichwa imesukwa akatoka mbio. Baba yako alicheka, halafu akaacha kucheka, akanishika mabega akaniambia, "Umeona? Balaa halipo kwenye kugusisha. Lipo kwenye kuachia."

Wewe hayo unayajua kwa jina la kitabuni. Nimeona mle kwenye daftari umeandika indaksheni, umechora na mishale. Sisi karakanani tunaita teke. Naomba nilieleze kwa maneno yangu, sitaki kugombania ya chuo. Umeme ukianza kupita kwenye koili, koili inagoma kidogo, halafu inakubali, umeme unapita umetulia. Sasa wewe ukija kuukata ghafla, koili inagoma tena. Inataka ule umeme uendelee kupita vilevile. Kama njia umeiondoa, inausukuma kwa nguvu upate njia nyingine, na kama umeshika ncha zote mbili, njia ni mwili wako. Betri yenyewe ndogo, ya gari, ambayo unaweza kuigusa mchana kutwa isikufanye lolote, lakini teke la koili uliyoiunga nayo linaweza kuwa la mamia ya volti. Kadiri koili inavyokuwa kubwa na chuma chake kinavyokuwa kinene ndivyo teke linavyozidi. Na wewe unakwenda kwenye transfoma, Zuhura. Mimi koili kubwa niliyowahi kusuka naweza kuibeba kifuani.

Nafikiri kosa letu lipo kwenye kusema. Sisi tunasema umeme umekatika, nimekata umeme, fulani amekatiwa umeme. Mtu akikata kamba, kamba imekatika, vipande viwili vinaanguka, habari imekwisha. Basi masikio yetu yanasikia "nimekata" na mwili unalegea. Nilipokuwa msusi nilikuwa naona nywele zilizosukwa muda mrefu, ukizifumua hazinyooki papo hapo, zinabaki zimejikunja zinataka kurudi zilivyokuwa. Hiyo ndiyo iliyonisaidia kuelewa. Sijui kama mwalimu wako angeikubali.

Sasa nije Issuna.

Wewe unajua baba yako alifia Issuna. Unajua alianguka. Hilo hatukukuficha, ulikuwa mdogo lakini ulikuwa na akili. Lakini sijawahi kukaa na wewe nikakusimulia jambo lenyewe lilivyokwenda, mwanzo mpaka mwisho, na kesho basi lako litapita palepale barabarani, kwa hiyo nakusimulia sasa.

Ilikuwa msimu wa kukamua, alizeti imejaa kila mahali, na mota ya mashine moja kubwa ya kukamulia mafuta ilikuwa imeungua. Mwenye kazi alikuwa Mzee Kitundu, fundi aliyemfundisha baba yako tangu ujana wake. Baba yako alikuwa na karakana yake tayari, lakini Mzee Kitundu akiita, anakwenda. Safari hiyo nikaenda naye, kwa sababu waya niliusuka mimi. Mota ilikuwa imesharudishwa juu ya jukwaa la zege, kimo cha mtu mzima, na pale juu ndipo ikagundulika kwamba alama za ncha zimefutika. Haijulikani mwanzo wa koili ni upi na mwisho ni upi. Ukifunga vibaya mota inanguruma, haizunguki, inaungua tena. Kwa hiyo ilibidi kupima kwa betri: mmoja anagusisha betri kwenye koili hii, mwingine anaangalia mshale wa mita kwenye koili ile, unaruka kwenda upande gani. Kazi ndogo, tumeifanya mara nyingi. Mita nilishika mimi, chini. Juu walikuwa baba yako na Mzee Kitundu, na betri ya gari kati yao.

Mzee Kitundu akasema, "Shika hizo ncha, ugusishe."

Zuhura, baba yako alikuwa na klipu mfukoni. Zile zenye meno na mpira, ambazo unabana waya bila kuugusa. Nilizitia mwenyewe kwenye mfuko wa shati lake asubuhi ile. Alijua teke ni nini, yeye ndiye aliyenifundisha. Nikamwona anaangalia zile ncha, halafu ananiangalia mimi, halafu mkono unakwenda mfukoni. Akasema, "Mzee, labda..."

Mzee Kitundu akasema, "Shika bwana, watu wanasubiri mafuta. Ni betri tu."

Na mkono ukatoka mfukoni mtupu. Akashika.

Akagusisha, mshale ukaruka, nikasema upande. Akaachia. Teke lenyewe halikuwa kubwa la kumuua mtu, mafundi waliniambia baadaye, na ninaamini. Kama angekuwa amesimama chini angetukana kidogo tukacheka. Lakini alikuwa amesimama ukingoni, na mtu akipigwa teke harudi nyuma kwa mpango. Alirudi nyuma pale ambapo hapakuwa na kitu. Kichwa kikapiga mguu wa mashine. Hatukufika naye hospitali.

Watu wengi wamenipa pole kwa umeme kumuua mume wangu. Nimekubali pole zao, ni watu wema. Lakini mimi nilikuwepo, na nilichokisikia kikimuua ni "labda." Alijua kila kitu. Klipu anazo. Mke wake yupo pale, karakana ni yake, mtoto anaye nyumbani. Akaliweka lote hilo ndani ya neno dogo namna ile, la kuomba radhi kabla hajakosea, na mzee akalipitia juu wala hakulisikia. Siku hizi mtu akiniambia labda, namrudisha aseme tena bila hiyo labda.

Mzee Kitundu alikuja msibani. Nikampigia goti nikamwambia shikamoo, maana ni mzee, na mikono yangu na magoti vilijua hivyo vyenyewe. Akalia mbele ya watu. Akasema, "Mwanangu, nilisema ni betri tu." Nikamwambia ni kazi ya Mungu, mzee. Simchukii. Nikikutana naye sokoni namwamkia, namuuliza mgongo unaendeleaje. Yeye naye alifundishwa hivyohivyo na mtu aliyemwambia shika. Sijutii kumsamehe. Ninachojutia ni kwamba nilitoka kwenye msiba ule nikarudi nyumbani nikaanza kulea mtu wa namna ileile.

Maana nilikulea hivyo, tena kwa bidii. Watu wa mtaa walikuwa wanaangalia mjane atalea vipi. Nilitaka wasiwe na la kusema. Ukikutana na mkubwa, goti chini. Ukiitwa, "abee," na miguu iwe imeshaanza kutembea. Ukiambiwa jambo, usijibu. Ona tulivyo: kwetu kumjibu mkubwa ni kosa, hata kama amekuuliza. Siku ya mahafali yako nilisimama mbele ya wale wageni na lile gauni la bluu nikasema mtoto huyu hajawahi kunijibu hata siku moja. Watu wakapiga vigelegele. Nami nikavimba kichwa.

Na kuna la Sepuka, kwa bibi yako mzaa baba. Sijui kama unalikumbuka. Ulikuwa hujaanza shule. Bibi yako alikuwa anasonga ugali, akakwambia umpe kifuniko kilichokuwa kimewekwa kando ya mafiga. Ukasogeza mkono, ukasema, "Bibi, cha moto." Sauti ndogo, wala hukuwa na ujeuri. Mashemeji zangu wote walikuwa pale. Mimi nikakukata jicho. Unalijua jicho langu. Ukakishika, ukampa, na hukulia mpaka ulipofika nyuma ya nyumba. Bibi yako akasema mtoto huyu amelelewa. Hakuwa amekusikia, alikuwa na moshi machoni. Mimi nilikusikia. Nilikufuata nyuma ya nyumba nikakupaka mafuta kiganjani, nikakubembeleza, nikakuita mtoto mzuri. Yaani ulipoungua ndipo nilipokuita mzuri.

Hayo yote nilikuwa nimeyafunika. Mtu anafanya kazi, anauza, anapika, hana muda wa kukaa anajichungulia. Tangu simu ya yule msimamizi ndipo yameanza kunitoka moja moja. Sisi tutakuwa kama wazazi wake. Wazazi! Kama angeniambia watakuwa wakali kwako, kama bosi na kibarua, ningelala vizuri. Bosi mkali mtu unaweza kumnunia. Lakini mzee mpole, anayekuuliza umekula, anayekuita binti yangu, siku moja kazi imebana atakwambia kwa upole wake, binti yangu, shika hapa. Wewe utafanya nini?

Nilitaka kujua utafanya nini. Ndiyo maana leo baada ya chakula nilikuita karakanani. Ulidhani nataka tumalizie kazi kabla hujaondoka. Haikuwa hivyo, na naomba unisamehe, nilikuwa nakujaribu.

Niliweka mezani ile mota ya mtu wa Mitundu, kubwa kuliko zote tulizonazo. Betri ya gari pembeni. Klipu nilizitundika ukutani pale unapoziona, kwa makusudi. Nikatoa ncha mbili nikakwambia, "Zuhura, shika hapa nigusishe."

Ukasema, "Abee mama." Ukafuta mikono kwenye khanga. Ukaangalia betri. Ukaangalia klipu ukutani, nilikuona, usiniambie hukuziangalia. Ukaniangalia mimi usoni. Halafu ukashika ncha zote mbili kwa mikono mitupu, ukazishika vizuri kabisa, kama ulivyofundishwa kushika kitu unachopewa na mkubwa.

Mwanangu, macho uliyoniangalia nayo niliwahi kuyaona mara moja tu, nikiwa chini na mita mkononi.

Sikuweza kugusisha. Nikakwambia acha, kichwa kinaniuma, tutafanya siku nyingine. Wewe ukaenda kunitafutia dawa ya kichwa. Mimi nikakaa chini palepale kwenye vumbi la shaba.

Jioni tunachambua mlenda nikajifanya ninauliza tu. Nikasema, "Zile nyaya ulizishika mikono mitupu. Hukuona klipu?"

Ukasema, "Niliziona."

"Na teke unalijua?"

"Mama! Si ndilo lililonipa alama za juu?"

"Sasa mbona hukusema?"

Ukacheka, ukatupa bua kwenye ungo, ukasema, "Sasa mama, si wewe ndiye uliyesema nishike?"

Hukuwa na kosa lolote. Ulikuwa umesema kweli tupu, na uliisema kwa upendo. Nami nikainama kwenye mlenda kana kwamba nimeona mdudu. Miaka yote hii nilikuwa najifariji kwamba baba yako wewe umempita, yeye alijifunza kwa kushtuka, wewe umesoma, umeandika, umefanya hesabu zake. Kumbe akili yako na mkono wako vina wakubwa tofauti. Akili umempa mwalimu. Mkono ni wa yeyote aliyekuzidi umri.

Ningekupa klipu mpya kesho, lakini klipu baba yako alikuwa nazo. Ningekuombea, na nitakuombea, nimeshakuombea leo mpaka goti linauma. Nilifikiri nikufundishe maneno mazuri ya kumwambia mzee: samahani baba, naomba kwanza nifunge klipu. Nikayajaribu peke yangu hapa kwa sauti ya chini. Yana adabu sana. Ni mazuri mno, mzee mwenye haraka atayapita kama Mzee Kitundu alivyolipita lile labda. Neno lenyewe ni "sishiki." Halina mapambo. Ukilisema mdomo unaona aibu, najua, hata mimi kuliandika naona kama ninakufundisha matusi. Sishiki. Baada ya hapo mwombe radhi ukitaka, mpigie goti, mletee chai, mwamkie kesho yake mara mbili. Lakini lile litangulie, na mikono iwe nyuma.

Ila nalo likanisumbua. Nikikwambia ukatae, ukaenda ukakataa, bado umefanya nilivyosema. Utakuwa umenitii tu. Siku mimi sipo masikioni mwako, na mzee yupo, utamtii mzee. Kitu hiki hakiingii kwa kuambiwa. Laiti kingeingia kwa kuambiwa ningekupigia kelele usiku kucha.

Kwa hiyo barua hii sitakupa mkononi. Ukimaliza kufunga begi nitaifungua zipu na kuitia chini kabisa, chini ya zile nguo za kazi, ambako hutafika mpaka utakapolifungua begi na kutoa kila kitu. Ndiyo, nitapekua begi lako. Nimekuzaa.

Na asubuhi nitakwambia usiende.

Sitatania. Utakapokuja kuniamkia, nitakushika mkono, mbele ya shangazi yako, nitakwambia Zuhura, nimebadili mawazo, rudisha mizigo ndani, tutasuka mota hapahapa mimi na wewe. Nitalia. Sitahitaji kujilazimisha, kwa sababu ndivyo ninavyotaka. Yaani ukisema ndiyo mama, nitafurahi, Mungu anisamehe. Nitakupikia. Utakuwa ndani ya macho yangu na transfoma zitabaki huko Morogoro na wenyewe. Sehemu kubwa ya mwili wangu inakuomba useme ndiyo, nakwambia ukweli. Nitatumia kila nililonalo. Nitamtaja baba yako. Nitakukata lile jicho.

Kama unasoma maneno haya hapa nyumbani, umekaa kitandani unatoa nguo kuzirudisha kabatini, basi ulinitii. Usinifiche kwamba umeisoma. Nionyeshe, tukae wawili tulie, halafu tuanze upya pole pole, kila siku nikwambie jambo moja la kipumbavu nawe unikatalie, mpaka uzoee.

Lakini kama unaisoma huko, kwenye chumba chako kipya, basi asubuhi ulinitazama mimi mama yako ninalia, nimekushika mkono, ukaniambia hapana ukautoa mkono wako kwenye wangu. Lazima ilikuuma. Lazima mimi nilibaki barabarani nimenuna, na pengine sikukupungia. Usinipigie simu kuniomba msamaha.

Huyo mzee wa karakana, mwanangu, hawezi kuwa mgumu kuliko mimi.

Mama yako